Nani Atatunza Kumbukumbu za Tabora?

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu, Tabora, siku ya maadhimisho, mbele ya waumini na majirani

   

Naanza kwa shukrani. Mimi si muumini wa hekalu hili. Mimi ni jirani yake. Nilizaliwa katika mji huu, nikacheza gololi kwenye baraza za maduka ya wazazi wenu, nikafundisha somo la Historia mpaka umri wa kustaafu uliponifikia. Kengele ya hekalu hili nimeisikia tangu utotoni pamoja na adhana na kengele ya kanisa, wala sikuwahi kuihesabu kuwa ni ya watu wengine. Mliponiita nizungumze siku yenu kubwa, niliupokea mwaliko kama mtu aliyeitwa kwenye shughuli ya ukoo.

Mwenyekiti alinitaka nizungumzie historia ya mji wetu. Nilimwomba ruhusa nibadili mada kidogo. Historia ya Tabora imeandikwa na wengi, na walio wengi kati yao walikuwa wapita njia. Ninalotaka kulisema leo ni jambo la nyumbani zaidi: kumbukumbu zenyewe ziko wapi, nani anazitunza, na itakuwaje sisi wazee tukishaondoka. Nina pendekezo moja, nalo nitalitoa mwishoni, baada ya kuwaeleza sababu zake.

Nyumba ya Kwihara

Kilomita chache kutoka hapa, upande wa kusini-magharibi, iko nyumba ambayo wengi wenu mmewapeleka wageni kuiona. Ni tembe la Kwihara, lenye kuta nene za udongo, paa la bapa na mlango wa nakshi. Stanley aliingia Unyanyembe mwezi Juni 1871 akakaa hapo. Baada ya kumkuta Dakta Livingstone kule Ujiji, walirudi pamoja na kufika Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani. Livingstone akabaki akisubiri watu na mizigo mpaka tarehe 25 Agosti, alipoanza safari ambayo hakurudi. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake mpaka pwani, na Oktoba mwaka huo walipita tena Kwihara. Nyumba ya awali ilikwisha kubomoka, na hii tunayoiona leo ilijengwa upya mwaka 1957 iwe makumbusho.

Niliwapeleka wanafunzi wangu pale karibu kila mwaka. Mwaka mmoja binti wa kidato cha pili alitazama picha ukutani, akasoma maelezo yote, kisha akaniuliza: "Mwalimu, na waliobeba mizigo walilala wapi?" Nilimjibu kwamba walilala nje, kwenye vibanda vya majani walivyovijenga wenyewe. Akaniuliza tena: "Mbona hawajaandikwa?" Swali hilo nimetembea nalo kwa miaka mingi, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Mwaka 2006 nchi yetu iliipendekeza njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iwekwe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwa hiyo Kwihara inatambulika kuwa kituo cha njia nzima, na njia hiyo ni pana kuliko habari za wazungu wawili waliokaa nyumba moja.

Waliopita na waliokaa

Burton na Speke walipotoka pwani Juni 1857, walifika hapa, mahali walipopaita Kazeh, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya siku mia moja na thelathini njiani! Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, begani au kichwani. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kuwa ufundi. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana hajakomaa. Kirangozi alitangulia mbele na bendera na ngoma, na nyuma yake kulikuwa na nidhamu ya posho, ya zamu, ya kulipa hongo kwa watemi, na ya kuuguza wagonjwa. Babu yake baba yangu alikuwa mmoja wao. Hatuna picha yake wala kaburi lenye jina. Kilichobaki ni wimbo mmoja ambao baba aliuimba alipokuwa akilima, na sasa katika familia yetu ni mimi peke yangu ninayeujua.

Sasa nisemeni ninyi, wenye hekalu: katika msafara ule wa 1857, unadhani amri zilitolewa kwa lugha gani? Mmoja wa wasaidizi wa Burton na Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa kwa nguo, akapelekwa India, akaishi huko mpaka bwana wake alipofariki naye akawa huru. Lugha aliyoelewana nayo na wazungu wale ilikuwa Kihindustani. Hivyo Kihindustani kilisikika hapa Tabora, kikitoka kinywani mwa Mwafrika, kabla ya Kiingereza hakijawa na maana yoyote kwa wenyeji. Bombay alipita hapa tena na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron.

Yuko na mwingine. Agosti 1872 walifika Kwihara watu hamsini na saba waliotumwa na Stanley kumsaidia Livingstone. Miongoni mwao walikuwa vijana wa Kiafrika waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kusomeshwa katika shule ya wamisionari karibu na Nasik. Nasik hiyo hiyo ambayo ninyi huiheshimu kwa ajili ya mto Godavari na Kumbh Mela! Mmoja wao, Jacob Wainwright, ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya Livingstone alipofariki, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti alipozikwa moyo wake, na alikuwepo London tarehe 18 Aprili 1874 mwili ulipozikwa Westminster Abbey. Ninamtaja kwa sababu maalumu. Kuandika orodha ya vitu, kwa jina na kwa uaminifu, ndiyo kazi ya kwanza ya kila mtunza makumbusho.

Walikuwepo pia waliokuja wakakaa. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kikhoja kutoka Surat, alikuwa na nyumba na duka hapa kabla ya Burton kufika, na mwaka 1861 alimkaribisha Speke nyumbani kwake. Kutoka kwa watu wa aina yake, na wa kizazi kilichofuata, tumepata maneno tunayoyatumia leo bila kufikiri: duka, gari, bima, laki, rupia, na hata pesa yenyewe. Kaniki waliyovaa bibi zetu ilitoka Kachchh kabla ya kufika Unyamwezi. Mtu akisema historia ya Wahindi wa Tabora ilianza na reli ya Wajerumani, iliyofika hapa mwaka 1912, mwambieni amechelewa kwa nusu karne na zaidi.

Jambo gumu

Wazee wangu, sasa nasema jambo gumu, nami nimewaomba radhi baadhi yenu faraghani kabla ya kulisema hadharani.

Misafara ile iliendeshwa kwa mkopo. Mikopo ilitoka Unguja, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara kutoka Kachchh. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia na Mhindu, ilikodi forodha ya Sultani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, na wakala wake, Ladha Damji, ndiye aliyeshughulika na karibu kila msafiri aliyetaka kwenda bara. Forodha ilitoza ushuru kwa pembe za ndovu, na ilitoza ushuru kwa vichwa vya watu. Wapo pia Wahindi, wa dini mbalimbali, waliomiliki watumwa. Mwaka 1860, Rigby, balozi wa Uingereza kule Unguja, alipoanza kuwalazimisha wale waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza wawaache huru, waliofunguliwa walihesabiwa kwa maelfu.

Rafiki yangu mmoja, muumini wa hekalu hili, alipoisoma sehemu hii wiki iliyopita aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini utuaibishe siku ya sikukuu yetu?" Ni swali la haki, na ninamjibu hapa mbele ya wote.

Bibi yake mama yangu aliletwa Tabora akiwa mtoto, kutoka upande wa Manyema. Hakuja kwa hiari. Hakujua tena jina la kijiji chake. Alikumbuka mto na aina ya samaki. Alikuwa bado mtumwa kisheria mpaka mwaka 1922, utumwa ulipofutwa Tanganyika. Waliomteka walikuwa Waafrika. Aliyemnunua alikuwa Mwarabu. Aliyeukopesha msafara nguo na baruti huenda alikuwa Mhindi. Na waliotembea naye njiani, wakiwa wamebeba pembe, huenda walikuwa watu wa ukoo wa baba yangu. Mimi nimetoka kwa yule bibi na kwa wale wapagazi. Nikiificha aibu ya upande mmoja, nitakuwa nimemzika yule bibi mara ya pili.

Kwa hiyo siwatenge ninyi. Wapo Wanyamwezi walioteka na kuuza watu. Mtemi Mirambo, ambaye tunamsifu kwa kupigana na Waarabu mwaka 1871 mpaka mji huu ukaungua, alikuwa na rugaruga walioogopwa na vijiji visivyo na hatia. Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 kuliko kukamatwa na Wajerumani, ni shujaa wetu, na baadhi ya utajiri wake ulitoka kwenye njia hii hii. Kila nyumba ya mji huu ina fungu lake la sifa na fungu lake la aibu. Makumbusho yanayoonyesha sifa za mmoja na aibu za mwingine yatawagombanisha majirani. Yakionyesha zote kwa kipimo kimoja, kila mtu ataweza kuingia na mwanawe na kusema: sisi nasi tumo.

Kabati na sanduku

Nisije mkadhani nawahubiria kutoka juu. Nina makosa yangu mawili.

La kwanza ni la kabati. Katika shule moja niliyofundisha, wanafunzi wangu na mimi tulianzisha kabati la historia. Watoto walileta vitu kwa shauku: jembe la kienyeji, kigoda, ushanga, sarafu za Kijerumani, kibuyu cha kuwekea asali. Katika miaka mitatu kabati lilijaa. Nikahamishwa. Niliporudi kutembelea, mwalimu aliyenirithi aliniuliza kila kimoja kilitoka wapi, nami sikuweza kujibu. Hatukuwa na daftari. Hatukuandika nani alileta, lini, kutoka kijiji gani, wala kilikuwa na kazi gani. Vitu vilikuwepo, habari zake zilikuwa zimekufa. Wazazi wawili walikuja kudai vitu vya marehemu baba zao, tukabaki kukisia.

La pili linauma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya sheria ya 1971 ya serikali kutwaa majumba, familia nyingi za Kihindi ziliondoka mjini. Mzee mwenye duka la mtaani kwetu, aliyenifundisha kusoma mizani nikiwa mtoto, aliniita jioni moja. Alinikabidhi sanduku la mbao lenye madaftari kumi na moja ya hesabu, yenye majalada mekundu ya kitambaa. Akaniambia: "Wewe unasoma historia. Huku ninakokwenda sina mahali pa kuyaweka." Nikamwahidi. Nikaliweka sanduku stoo, juu ya sakafu ya udongo, nikaenda kufundisha mikoa mingine. Niliporudi baada ya miaka, nilipofungua kifuniko nilikuta kichuguu. Mchwa walikuwa wamekula madaftari kumi. Lilisalia moja, lililokuwa juu kabisa, limefungwa kwa kipande cha turubai.

Yule mzee alikwisha kufariki ugenini. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Daftari lile lilikaa kwangu kwa muda mrefu bila kusomwa, kwa kuwa sijui Kigujarati. Mwaka jana nilimletea mzee mmoja wa hekalu hili, ambaye ameniomba nisimtaje. Jalada lilikuwa na mwaka 2018. Nilidhani ni kosa. Akacheka, akanieleza kuwa huo ni mwaka wa Vikram, ulioanza baada ya Diwali ya 1961. Ni daftari la mwaka wa Uhuru! Tulikaa barazani kwake alasiri tatu. Alisoma, mimi nikaandika kwa Kiswahili: khanga, sukari, mafuta ya taa, misumari, mabati, tairi za baiskeli, nta na asali zilizonunuliwa kutoka kwa warina wa Sikonge na kwingineko, na majina ya watu, mamia ya majina, Wanyamwezi, Waarabu, Wamanyema, Wasukuma, yote kwa herufi za Kigujarati. Alasiri ya pili alisimama kwenye mstari mmoja, akanitazama. Lilikuwa jina la baba yangu, na pembeni yake neno "fundi". Mabati, na deni la shilingi kumi na mbili. Wengine wote kwenye ukurasa ule majina yao yalikuwa yamekatwa kwa mstari kuonyesha wamelipa. La baba halikukatwa.

Kwa hiyo ndugu zangu, niliyesimama mbele yenu ni mdeni.

Jinsi makumbusho madogo yanavyosimama

Watu wengi hudhani makumbusho ni jambo la serikali peke yake. Serikali ina sehemu yake, na sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Naomba hili la milango mlisikie vizuri, kwa sababu Tabora bado inayo, na wachuuzi huja kuigongea bei. Mlango wa aina hiyo hauuzwi kama kitanda cha zamani.

Lakini makumbusho mengi mazuri ya Afrika Mashariki yalianzishwa na watu waliojikusanya. Makumbusho ya Nairobi yalizaliwa na chama cha watu waliopenda elimu ya viumbe, kilichoanzishwa mwaka 1909. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Canada alifanya kazi na wazee wa Kisukuma tangu miaka ya 1950, wakakusanya ngoma, viti vya watemi na zana za kazi, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Kilichoyapa uhai yale ya Bujora ni ngoma zinazochezwa uwanjani pake. Watu huja kucheza, na wakija huingia ndani. Hapo tunajifunza kwamba jengo peke yake haliiti watu.

Nimetafakari makosa yangu, nimesikiliza watunzaji wa makumbusho, na haya ndiyo ninayoyaona kuwa ya lazima.

Kwanza, daftari la kupokelea vitu. Kila kitu kipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kitu chenyewe mahali pasipoonekana sana. Daftari lieleze nani ameleta, tarehe, kilitoka wapi, kilitumikaje, na kama kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Anayetoa na anayepokea watie sahihi. Nakala ya daftari ikae nyumba nyingine. Kwenu hili si jambo geni. Kila Diwali wafanyabiashara huyaweka madaftari mapya mbele ya Lakshmi na kuyaombea baraka kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Sijui jumuiya nyingine katika mji huu inayoiheshimu hesabu iliyoandikwa kiasi hicho.

Pili, adui zetu tuwajue: mchwa, maji, popo, jua na mkono wa mtu. Karatasi zisikae sakafuni wala zisiegemee ukuta wa udongo. Zikae ndani ya maboksi, juu ya rafu za chuma. Zisigandishwe kwa gundi wala utepe wa plastiki. Namba iandikwe kwa penseli. Majani makavu ya mwarobaini, mti uliotujia kutoka India, husaidia kufukuza wadudu wa vitabu, ila hayamzuii mchwa. Kinachomzuia ni macho ya mtu anayekagua kila wiki. Tembe nalo lina paa la udongo, na paa la udongo lisipokandikwa upya kabla ya masika, huvuja.

Tatu, maelezo ya ukutani yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tano anayaelewa.

Nne, sauti. Wazee warekodiwe kwa simu, kwa lugha zao, pamoja na tafsiri. Wimbo wa babu yangu wa safari unaweza kuhifadhiwa kwa dakika tatu, na mpaka leo sijaurekodi. Nimewaahidi wajukuu zangu kwamba Jumapili hii nitaufanyia kazi.

Tano, fedha na zamu. Makumbusho yenye mtu mmoja mwenye ufunguo hufungwa siku mtu huyo akiugua. Kuwe na kamati ndogo, mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya wanachama, ada isiyomshinda mwalimu wala mama wa sokoni, na orodha ya zamu ya kujitolea. Tusinunue vitu vya kale. Tukianza kununua, tutawafundisha vijana kuiba.

Kinachokosekana

Nikitazama mbele, naona mambo mengi ambayo chama cha historia cha mji huu kingeweza kuyakusanya na kuyaonyesha kwa ushirikiano na wanaosimamia Kwihara. Kuna habari za rupia za dhahabu za mwaka 1916, zenye picha ya tembo, zilizopigwa katika karakana ya reli hapa hapa Tabora kwa dhahabu ya Sekenke, kabla ya Wabelgiji kuingia tarehe 19 Septemba. Ziko habari za shule ya Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1937. Na uko mkutano wa TANU wa Januari 1958, tulioujua kwa jina la Uamuzi wa Busara. Vijana wengi hawajui hasa uamuzi ulikuwa juu ya nini. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi katika TANU waliona ni matusi. Mwalimu akawashawishi wakubali kuingia katika uchaguzi, watafute watu wa rangi zote wanaoamini uhuru. Ndivyo walivyochaguliwa kina Sophia Mustafa wa Arusha na wakili K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam. Hapa Tabora palifanyika hoja ya kwamba Mhindi naye anaweza kuwa mwenzetu katika kudai nchi. Hilo halistahili kubaki katika vitabu tu.

Pendekezo langu

Sasa ombi langu, nami nitakuwa mfupi.

Naomba tuanzishe chama cha historia cha mji wa Tabora, na hekalu hili litoe watu wawili katika kamati ya kuanzisha, kama ambavyo nitaomba msikiti, kanisa na wazee wa Itetemia na Kwihara watoe wao. Naomba mmoja wa hao wawili awe kijana, na mwingine awe mtu anayesoma Kigujarati, kwa kuwa wasomaji wake mjini wanapungua kila mwaka, na bila wao madaftari yetu yatakuwa makaratasi mekundu tu.

Naomba kila familia hapa itazame kabatini na chini ya vitanda. Picha za harusi, leseni za biashara, barua, tiketi za meli, vitabu vya hesabu. Hatuvitaki vyenyewe kama hamko tayari kuvitoa. Tutavipiga picha tuvirudishe. Waandikieni ndugu zenu walioko Leicester, Toronto na Mumbai, muwaulize walibeba nini.

Na naomba idhini yenu, ingawa kisheria sihitaji idhini. Yatakapoandikwa maelezo juu ya fedha zilizoendesha misafara, yaandikwe kweli, na mmoja wenu awe mezani tunapoyaandika. Upande wangu nitakaa mezani yatakapoandikwa yale ya Wanyamwezi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi nina deni la madaftari kumi ambayo siwezi kuyarudisha, na deni la shilingi kumi na mbili ambalo baba aliniachia bila kujua. Nimeshauriana na mzee aliyenisomea. Tumekubaliana kwamba daftari lililobaki, pamoja na tafsiri yake, liwe kitu namba moja katika daftari la kupokelea vitu la chama hicho, kwa jina la mzee mwenye duka na wanawe. Shilingi kumi na mbili nimezitia bahasha. Nitazitumbukiza katika sanduku la sadaka la hekalu nikitoka hapa, na ninamwomba mzee yule, kwa niaba ya mwenye duka, alikate jina la baba yangu kwa penseli.

Nawatakia heri ya maadhimisho. Mungu awape miaka mingine mingi katika mji huu, na sisi pamoja nanyi.